Kibuyu Huota Tena, Ufa wa Mwamba Hauoti

Ukifuata ufukwe kutoka Kigoma mjini kwenda kaskazini hadi Gombe, mara kwa mara unakutana na mawe yaliyoporomoka kutoka milimani na kujazana ukingoni mwa Ziwa Tanganyika. Humo anaishi swila wa majini, nyoka mwenye sumu kali ambaye chakula chake ni samaki. Hajijengei pa kupumzikia. Yeye ni mpangaji: huingia katika nyufa za miamba na mashimo ya ukingoni, na watu wakijenga gati au daraja, huhamia humo bila kuuliza. Swila huyu wa ziwani alipewa jina la kisayansi mwaka 1886 na Mbelgiji Louis Dollo, kwa heshima ya Emile Storms, kapteni aliyeongoza kituo cha Mpala ng'ambo ya pili ya ziwa. Tabia ya nyoka huyu inaeleza jambo ambalo wafugaji wengi wa watambaazi hujifunza kwa hasara: nyoka, mjusi au kobe hajali uzuri wa nyumba, anatafuta upenyo unaomtosha.

Wafugaji hao wako wengi Marekani, Ujerumani, Uingereza, Japani na kwingineko, na kwa miaka mingi, hadi mwaka 2016, Tanzania ilikuwa mojawapo ya vyanzo vya wanyama wao: vinyonga, mijusi, kobe na nyoka. Kila kizimba kinahitaji maficho. Maduka huuza mapango ya plastiki yenye sura ya fuvu au gogo bandia, na wafugaji kadhaa wameyachoka, wakageukia vitu vya asili kama kibuyu, kifuu cha nazi, kigae cha chungu, mwanzi, gome na jiwe. Vitu vya namna hiyo mkoa wa Kigoma unavyo kwa wingi, na huongeza kimoja ambacho mikoa mingi haina kwa kiasi hicho, nao ni mchikichi.

Lakini vitu vya asili ni vya makundi mawili. Kuna vile vinavyolimwa au kufinyangwa, ambavyo vikiisha hupatikana vingine msimu ujao. Kuna vile vinavyobanduliwa porini au kuzolewa ziwani, ambavyo tayari vilikuwa makazi ya kiumbe fulani. Vikiwekwa ndani ya kizimba vinafanana. Vikiulizwa vilikotoka, haviko sawa hata kidogo, na tofauti hiyo ndiyo inayopaswa kuamua nini kitumike.

Kazi tatu za maficho

Kazi ya kwanza ni kumgusa mnyama. Mtambaazi hutulia mwili wake unapobanwa kidogo juu na ubavuni. Pango kubwa lenye nafasi ya kugeukageuka humwacha na hofu, na nyoka mwenye hofu anaweza kukataa chakula kwa majuma. Mfano ulio wazi zaidi ni kobe bapa wa majabali, anayepatikana Tanzania, Kenya na sehemu ndogo ya Zambia. Kobe wengine hujikunyata ndani ya gamba adui anapokuja. Huyu hukimbia. Gamba lake ni jembamba, linanyumbuka, na kimo chake ni sentimita chache tu, kwa hiyo huchomoka hadi kwenye ufa wa jabali, akaingia kwa ubapa na kujikaza kwa miguu kiasi kwamba kumvuta ni kazi ngumu. Mwili mzima umeumbwa kwa ajili ya ufa. Bila ufa, ni kobe asiye na ulinzi.

Kazi ya pili ni joto. Mtambaazi hazalishi joto la kumtosha, hulikopa kutoka jua, udongo na mawe. Mwaka 1989 mwanasayansi wa Marekani Raymond Huey na wenzake walichapisha utafiti juu ya nyoka wa Eagle Lake, California, wanaolala chini ya mawe. Chini ya jiwe jembamba palipata joto la kuua mchana na baridi usiku. Chini ya jiwe nene mno hapakupata joto la kutosha hata jua likiwa kali. Nyoka walichagua mawe ya unene wa kati, takriban sentimita 20 hadi 40, ambako wangeweza kukaa salama na bado wakapata joto linalofaa mwili. Hapo ndipo ulipo msingi wa desturi ya wafugaji wazoefu ya kuweka maficho mawili kwenye kizimba, moja upande wa joto na jingine upande wa baridi. Mnyama mwenye maficho upande mmoja tu hulazimika kuchagua kati ya usalama na joto.

Kazi ya tatu ni unyevu, na huu ndio husahaulika. Nyoka anayejivua gamba mahali pakavu hubaki na vipande vya ngozi kuukuu mkiani na machoni. Mijusi wadogo hupoteza vidole kwa sababu hiyo hiyo, kwa kuwa ngozi iliyobaki hukaza na kuzuia damu. Porini tatizo hili lina majibu mengi. Kenge jike hufukua kichuguu chenye mchwa hai, hutaga mayai ndani na kwenda zake. Mchwa huziba tundu. Kwa miezi kadhaa mayai hukaa katika joto na unyevu usiobadilika sana, na vitoto hutoka baada ya mvua kulainisha udongo. Hakuna kifaa cha umeme kilichohusika.

Kombe lililoumba samaki

Ziwa Tanganyika lenyewe lina ushahidi mwingine wa jinsi maficho yanavyotawala maisha ya mnyama, ingawa ushahidi huo ni wa samaki. Konokono aitwaye Neothauma, asiyepatikana katika ziwa jingine lolote leo, akifa huacha kombe gumu. Maji ya ziwa hili yana chokaa nyingi, hivyo makombe hayaozi upesi. Yamelundikana chini kwenye maji ya kina kifupi mahali pengi, na vipimo vya umri vimeonyesha kwamba baadhi yamelala huko kwa mamia ya miaka.

Ndani yake wanaishi siklidi wadogo, jamii moja na sato na perege. Wapo wasiozidi urefu wa kidole gumba, na koloni nzima hupangana katika kombe moja moja, wakichimba mchanga kuzunguka milango yao. Katika aina moja, dume hubeba makombe kwa mdomo na kuyakusanya mahali pamoja ili majike waje kutaga. Dume lazima awe mkubwa wa kutosha kubeba kombe, na jike lazima awe mdogo wa kutosha kuingia. Matokeo yake ni kwamba dume humzidi jike uzito zaidi ya mara 10, tofauti ambayo ni nadra sana kwa wanyama ambao dume ndiye mkubwa. Kipimo cha maficho kimeamua kipimo cha mwili.

Samaki hawa wanapendwa sana na wafugaji wa Ulaya na Marekani, na makombe yao yalihitajika pamoja nao. Kisha ikagundulika kwamba samaki hawajali kombe lilitoka wapi. Wafugaji wengi sasa hutumia makombe ya konokono wa kuliwa, yale ambayo jikoni za Ufaransa huyatumia kuandalia chakula. Kombe lenye mlango wa upana unaofaa linapokelewa vizuri, na lile la ziwani linabaki na wenyewe.

Kutoka shambani hadi kizimbani

Kwa watambaazi, kibuyu ndicho kinacholingana na kombe hilo la jikoni. Mmea wake hutambaa kwenye uchanja au juu ya paa na kukomaa ndani ya msimu mmoja, kisha tunda huachwa likauke mpaka mbegu zisikike zikilia ndani. Ganda lake ni jepesi, gumu, na lina vinyweleo vinavyopunguza kasi ya joto kuingia na kutoka. Zaidi ya hayo, mkulima huchagua umbo. Kibuyu cha duara kikikatwa tundu ubavuni kinamfaa nyoka mdogo anayejikunja. Chenye shingo ndefu kikilazwa kinamfaa mjusi anayependa kuingia kinyumenyume. Kikipasuliwa kati ni kuba la kobe mchanga. Mfugaji hukata tundu kwa kipimo cha mnyama, jambo ambalo pango la dukani haliruhusu.

Kina kasoro pia. Vumbi la ndani ya kibuyu kikavu lina ukungu na hukereketa mapafu, kwa hiyo hukatwa na kukwanguliwa kikiwa kimeloweshwa, kisha huchemshwa na kuanikwa. Nyama yake chungu lazima itoke yote. Kisipigwe vanishi wala rangi, maana harufu ya kemikali hunaswa ndani ya chumba kidogo cha mnyama. Na kikikaa kwenye unyevu wa kudumu huoza. Hivyo kibuyu ni maficho ya upande mkavu.

Upande wenye unyevu ni wa chungu. Chombo cha udongo kisichopakwa rangi ya kung'aa hunyonya maji na kuyatoa polepole, jambo linalojulikana na kila aliyekunywa maji ya mtungi wakati wa kiangazi. Chungu kilichovunjika mdomo, ambacho mpishi hakihitaji tena, kikigeuzwa kifudifudi, kikachongwa ukingo wake ili usikate ngozi na kikawekwa nyuzi za mnazi zilizoloweshwa ndani, kinampa nyoka mahali pa kujivua gamba salama. Ufinyanzi bado ni kazi ya wanawake wengi Tanzania, na vigae ni mabaki ambayo kwa kawaida huishia jalalani. Uzito wa chungu ni faida kwa kuwa kobe hakisukumi, lakini ni hatari kikiwekwa juu ya mchanga ambao mnyama anaweza kuufukua na kujifukia.

Mchikichi unahitaji uangalifu zaidi. Kigoma ndiyo kitovu cha zao hili nchini. Tangu serikali ilipotangaza kampeni ya kulifufua mwaka 2018 chini ya Waziri Mkuu Kassim Majaliwa, kituo cha utafiti cha TARI Kihinga kimekuwa kikizalisha miche bora, na mabaki yake yako kila kijiji: makuti, nyuzi, makapi ya kukamulia mawese, na magogo ya miti iliyozeeka. Makuti makavu yaliyowekwa matabaka ni kivuli kizuri cha kobe nje ya nyumba. Gogo lililoanza kuwa na uwazi ndani ni maficho ya mjusi mkubwa. Makapi, hata hivyo, hubaki na mafuta. Yakipata joto huvunda, huota ukungu na kuita sisimizi, na nyuma ya sisimizi wanaweza kuja siafu. Porini mnyama huwakimbia siafu. Kizimbani hana pa kwenda. Nyuzi za nazi zilizooshwa ni salama kuliko nyuzi za chikichi ambazo hazijachemshwa.

Vilivyobaki ni vyepesi kueleza. Mwanzi uliokatwa kwa pingili na kusimamishwa wima unawafaa mijusi wapandao, kwa kuwa kipenyo chake cha ndani hukaribia ule uwazi wanaoutafuta kwenye mashina. Kifuu cha nazi kinatosha mjusi mchanga na si zaidi. Matawi ya mwembe yaliyopogolewa ni mazuri kwa kinyonga, ambaye maficho yake si pango bali majani mengi ya kumfunika asionekane. Ila shamba likiwa limepigwa dawa ya wadudu, kama mashamba ya tumbaku yanavyopigwa, kinachotoka hapo kisiingizwe kwenye kizimba cha mnyama yeyote.

Vitu hivi vyote vina kasoro moja ya pamoja: vina vinyweleo, hivyo vinyesi na vijidudu hupenya. Watambaazi wengi hubeba bakteria wa salmonela bila kuugua, na binadamu, hasa watoto wadogo, wanaweza kuugua kwa kuwashika au kushika vitu vyao. Plastiki husafishwa kwa dawa ikatakata, kibuyu hakitakati hivyo. Jibu la mfugaji wa plastiki ni kusafisha, na jibu la mwenye kibuyu ni kukichoma moto na kuweka kingine. Hoja hiyo ina nguvu mahali ambapo kibuyu kinaota uani tu. Ina udhaifu pale ambapo kila kipande kililazimika kutoka msituni.

Gharama isiyoandikwa kwenye bei

Gome ni mfano wa kwanza wa udhaifu huo. Wafugaji wa Ulaya hupenda vipande vya gome la ule mti wa Ureno na Hispania unaotoa vizibo vya chupa za mvinyo. Mti huo huvunwa bila kufa, na Ureno hairuhusu uvunwe tena kabla ya miaka 9 kupita. Gome la miti ya miombo haliko hivyo. Warina asali wa magharibi mwa Tanzania wametumia magome kutengeneza mizinga kwa vizazi vingi, na mti uliobanduliwa gome kuzunguka shina hufa. Ndiyo maana wataalamu wa misitu wamekuwa wakihimiza mizinga ya mbao. Kuua mti wa miaka mingi ili mjusi mmoja apate dari hakuwezi kutetewa, hata kama dari hilo linapendeza.

Mfano wa pili uko Morogoro. Katika msitu mdogo wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, anaishi mjusi wa buluu ambaye makazi yake ni mikadi. Hujificha na kutaga kwenye makwapa ya majani, ambako pia maji hutuama. Rangi ya dume ilimfanya atafutwe duniani. Watafiti walikadiria kwamba kati ya Desemba 2004 na Julai 2009 kundi moja tu la wakamataji lilichukua zaidi ya mijusi 30,000. Na kwa kuwa mjusi hukimbilia juu kati ya majani, wakamataji waliikata mikadi ili kumfikia. Waliondoka na mnyama na nyumba kwa pamoja. Mkataba wa CITES ulipiga marufuku biashara yake ya kimataifa kwa waliokamatwa porini kuanzia Januari 2017.

Kobe bapa alipitia hayo hayo. Wakusanyaji waliomkuta amejikaza ndani ya ufa walitumia vyuma kuubanja mwamba. Kobe waliobaki wangeweza kuzaana, ingawa polepole, kwa kuwa jike kwa kawaida hutaga yai moja kwa wakati. Ufa uliobomolewa haujirudii, na jabali zima linaweza kubaki halikaliki. Mwaka 2019 naye aliingizwa kwenye orodha ya juu kabisa ya CITES.

Nje ya Afrika kuna kisa kinachokaribia zaidi mada hii, maana hapo hakuna aliyemtaka mnyama. Karibu na Sydney, Australia, watu waliokota mawe bapa msituni kupamba bustani. Mawe hayo yalikuwa maficho ya nyoka adimu mwenye kichwa kipana na ya mijusi anaowala. Kuondolewa kwa mawe hayo kulichangia kumpunguza nyoka huyo, na serikali ya jimbo ikaorodhesha uchukuaji wa mawe ya porini kuwa tishio kwa viumbe. Watafiti wa kundi la Richard Shine na Jonathan Webb walijaribu kurekebisha kwa kutengeneza mawe bandia yenye upenyo na unene unaofanana na ya asili. Mijusi na nyoka waliyakubali. Kilichokuwa muhimu kilikuwa kipimo, na kipimo kinaweza kutengenezwa.

Sheria inaanza na mnyama

Kwa mkazi wa Kigoma, swali la maficho linatanguliwa na jingine. Chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, wanyamapori ni mali ya umma inayoshikiliwa na Rais kwa niaba ya wananchi. Kumtoa nyoka au kobe porini na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, na vibali hushughulikiwa na mamlaka ya wanyamapori, TAWA. Mei 2016 serikali ilisimamisha usafirishaji wa wanyamapori hai kwenda nje. Juni 2022 ilitangazwa ruhusa ya miezi 6 kwa wafanyabiashara waliobaki na wanyama, lakini Waziri Pindi Chana akaisitisha karibu mara moja baada ya malalamiko ya wananchi.

Wala si desturi ya pwani ya ziwa kufuga mtambaazi. Nyoka akionekana hupigwa, na mjusi kafiri huachwa ukutani kwa sababu anakula wadudu. Swila wa majini si wa kufugwa na mtu wa kawaida kwa hali yoyote, na nyoka mwenzake wa ziwani asiye na sumu, ambaye haishi popote nje ya bonde la Tanganyika, ana kila sababu ya kuachwa alipo. Wanaohusika moja kwa moja na ufugaji Afrika Mashariki ni taasisi: bustani ya nyoka ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1961, Bio-Ken ya Watamu, iliyoanzishwa na James Ashe na mkewe mwaka 1980, na Meserani karibu na Arusha, ya mwaka 1993. Katika sehemu za namna hiyo, zenye wageni, wanafunzi na wanyama wengi wa kutunza, maficho ya bei nafuu yanayobadilishwa mara kwa mara yana maana zaidi kuliko kwa mtu mwenye mjusi mmoja sebuleni.

Hapo ndipo mazao ya Kigoma yanapoweza kupata nafasi halali. Kibuyu, kigae, mwanzi wa kupandwa na makuti ya mchikichi ni bidhaa ambazo mkulima au mfinyanzi anaweza kuuza bila kugusa mnyama hata mmoja, kwa vituo vya ndani na kwa wafugaji wa nje wenye wanyama waliozaliwa kizimbani. Mnunuzi wa nje atataka kuthibitishiwa kwamba mzigo hauna wadudu, hivyo cheti cha afya ya mimea ni sehemu ya gharama. Kibuyu kikavu kilichosafishwa kina nafasi nzuri ya kupita ukaguzi huo. Gogo lenye mchwa halina. Na viko vitu vitatu ambavyo havifai kuingia katika biashara hiyo hata mnunuzi akiongeza bei: makombe ya Neothauma kutoka chini ya ziwa, gome la mti wa miombo uliosimama, na mawe ya ukingoni ambayo chini yake huenda kuna mwenyewe.